Mwalimu Nyerere na njaa: maisha ya mtoto aliyepewa jina la mvua

Ukitoka Musoma kwenda Bunda, kuna njia panda ya Makutano. Hapo ndipo anapogeuka anayekwenda Butiama. Wengi wanaoshika njia hiyo siku hizi huenda kuona kaburi la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere pale Mwitongo, au kutembelea makumbusho yenye jina lake. Husimuliwa habari za uhuru, Muungano na ukombozi wa Afrika.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao husimuliwa kwa nadra, ingawa mkulima yeyote wa Mara angeuelewa haraka. Ni upande wa chakula. Mwalimu alizaliwa katika ukoo ambao hata majina yake yalibeba kumbukumbu ya njaa na mvua. Alikula mtama wa mama yake, akaongoza nchi iliyopata ukame mkubwa, akafanya maamuzi yaliyowasaidia wakulima na mengine yaliyowaumiza, kisha akarudi kijijini kushika jembe. Makala hii inafuata maisha yake kwa njia hiyo: kutoka kwenye kihenge cha nyumbani hadi kwenye ghala la taifa, na kurudi tena nyumbani.

Baba aliyezaliwa wakati wa viwavi

Baba yake Mwalimu alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Inakubalika kwamba alizaliwa mwaka 1860. Mwaka ule viwavi vilivamia nchi ya Wazanaki na kula mazao na majani. Kwa Kizanaki viwavi vya namna hiyo huitwa nyerere, na mtoto akapewa jina hilo. Kwa hiyo jina linalotajwa leo duniani kote, lililoandikwa kwenye viwanja vya ndege, barabara na shule, lilianza kama kumbukumbu ya mwaka mbaya shambani.

Desturi ya kumpa mtoto jina la tukio haikuwa ya Wazanaki peke yao. Mahali pasipo na vitabu, jina la mtu ni daftari. Ukimwita Nyerere, unakumbuka viwavi. Ukikumbuka viwavi, unakumbuka kwamba shamba la kijani linaweza kumalizika kwa siku chache, na kwamba aliye salama ni yule aliyebakiza kitu kihengeni kutoka msimu uliopita.

Mtemi Burito alipokuwa kijana wa miaka kama thelathini, balaa kubwa zaidi lilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe na wanyama wa porini kwa wingi usiowahi kuonekana. Kwa watu wa Mara, ng'ombe alikuwa maziwa, samli, mahari na pia akiba ya mwisho: mvua ikikosekana, ng'ombe mmoja hubadilishwa kwa nafaka ya jirani. Ng'ombe walipokufa, mlango huo ukafungwa. Watu walihama, na wengine walikwenda kuishi kwa jamaa wa mbali ili wapate kula.

Burito aliishi kuyaona yote hayo. Mwaka 1915, chini ya Wajerumani, alifanywa mtemi, na Waingereza walipoichukua nchi walimwacha katika nafasi hiyo. Alifariki mwaka 1942.

Chakula cha Mara kabla ya mahindi

Ili kuelewa nyumba aliyokulia Mwalimu, inafaa kujua watu wa upande huu walikula nini tangu zamani.

Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba sehemu kadhaa kandokando ya Ziwa Victoria na kukuta vigae vya vyungu vinavyoitwa vya Kansyore, pamoja na mifupa ya samaki na wanyama. Hao walikuwa wavuvi na wawindaji walioishi hapa maelfu ya miaka kabla ya jembe. Baadaye, yapata miaka 3,000 iliyopita, wafugaji walikuwa tayari wanachunga ng'ombe, mbuzi na kondoo katika mbuga za upande wa Serengeti. Baada yao wakaja wakulima waliojua kuyeyusha chuma, na hao walikuwa na nafaka.

Nafaka zenyewe ni za Afrika. Mtama ulianza kufanywa zao la shambani huko Sudani ya mashariki miaka 5,000 au zaidi iliyopita. Ulezi ulitokana na nyasi za nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Mahindi na muhogo ni wageni: vyote viwili vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, vikaletwa Afrika na meli za Wareno baada ya mwaka 1500. Huku bara vilichelewa kufika, na muhogo ulienea sana pale watawala wa kikoloni walipouhimiza kama kinga ya njaa.

Tofauti ya mazao hayo inaonekana zaidi kwenye uhifadhi kuliko kwenye sufuria. Ulezi una punje ndogo sana na ngumu, wadudu hawaupendi, na ukikaushwa vizuri unaweza kukaa miaka. Mtama huvumilia jua na huhifadhiwa ukiwa bado na masuke yake. Muhogo una ghala lake mwenyewe, maana unaweza kubaki ardhini hadi utakapohitajika, kisha ukavundikwa na kukaushwa kuwa udaga. Mahindi huzaa vizuri mvua ikiwa njema, lakini yakikosa mvua wakati wa kuchanua hakuna kitu, na yakiingia ghalani wadudu huyafurahia.

Nyumba ya Mgaya

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa Mtemi Burito, aliyekuwa na wake 22. Mwanzoni mtoto aliitwa Mugendi, maana yake mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mganga, akapewa jina Kambarage, mzimu wa kike wa mvua. Baba alikuwa na jina la viwavi, na mtoto akapata jina la mvua.

Mtoto wa mtemi hakuishi kama mtoto wa mfalme wa kwenye hadithi. Kambarage aliishi katika nyumba ya mama yake, akalima pamoja na wengine mtama, mahindi na muhogo, na akachunga mbuzi na ng'ombe pamoja na wavulana wenzake. Anayechunga hujifunza mambo ambayo darasani hayapo: nyasi gani zinaota baada ya mvua ya kwanza, kisima kipi hukauka mapema, na miezi gani mama hupunguza kipimo cha unga kwa sababu kihenge kimeanza kusikika kitupu ukikigonga.

Katika nyumba za namna ile, kihenge kilikuwa mikononi mwa mama. Kilisukwa kwa fito, kikasilibwa kwa udongo au samadi ya ng'ombe, kikainuliwa juu ya mawe ili panya na unyevu visipande, kikafunikwa kwa paa la nyasi. Mbegu za msimu ujao ziliwekwa mahali pa peke yake, mara nyingi juu ya jiko ambako moshi uliwafukuza wadudu. Majivu yalichanganywa na kunde na maharage. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu, siagi ikapikwa kuwa samli. Waliokaa karibu na ziwa walianika samaki juani au kuwabanika kwa moshi, wakawapeleka bara kubadilishana na nafaka. Hata leo ukipita ufukweni Musoma utaona dagaa wameanikwa kwa namna ambayo bibi zetu wangeitambua.

Kutoka malishoni hadi Mwisenge

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Umbali kutoka Butiama ni kama kilomita 40, na usafiri ulikuwa miguu. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere nchini Uganda mwaka 1943, mwaka huo huo aliobatizwa na kuitwa Julius.

Alirudi Tabora kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Aliporudi mwaka 1952, kabla ya kwenda kufundisha Pugu, alikuja kwanza Butiama. Akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Watu walishangaa kumwona msomi wa Ulaya akikanyaga udongo wa matofali. Januari 1953 akamwoa Maria Gabriel.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata aliacha ualimu kwa ajili ya siasa, na kwa miezi kadhaa akaishi tena nyumbani huku Mara, bila mshahara wa serikali. Hata kazi za siasa zilipokua, kila alipohitaji kupumua alirudi Butiama.

Uhuru na sahani ya wananchi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wengi wanakumbuka ngoma na bendera. Wachache wanakumbuka kwamba kipindi kile sehemu nyingi za nchi zilipigwa na ukame, ukifuatwa na mafuriko, na chakula cha msaada kikagawiwa. Taifa jipya lilianza maisha likiwa na njaa mlangoni.

Mwalimu aliwatangazia wananchi maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Njaa haikuwa na jina lake peke yake katika orodha hiyo, lakini ilikuwa ndani ya wote watatu. Mtoto asiyekula hashiki masomo, mgonjwa mwenye njaa haponi, na mkulima anayeuza mavuno yote ili alipe deni huanza mwaka ujao akiwa maskini zaidi.

Mwaka 1967 ndio uliobeba mambo makubwa. Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, lililosema maendeleo ya nchi yatatokana na watu, ardhi na kilimo, kwa kuwa fedha hatuna. Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyozitaka shule ziwe na mashamba. Wazee wengi wanaosoma makala hii kwenye simu zao waliwahi kwenda shule na jembe begani kwa sababu ya waraka ule. Oktoba mwaka huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio. Njia ya Mwanza ndiyo hiyo hiyo yetu ya kupita Bunda na mashamba ya pamba. Jina lake la kwanza, Mugendi, lilikuwa halijampotea.

Wazo lake la ujamaa vijijini alilieleza kwa mfano wa nyumba aliyokulia: watu wa ukoo mmoja hufanya kazi pamoja, hula pamoja, na aliyeishiwa hapewi kisogo. Alitaka nchi nzima iwe kama nyumba hiyo. Ugumu ulikuwa hapa: katika nyumba ya mama, aliyelima ndiye aliyeshika ufunguo wa kihenge. Katika nchi, ufunguo ungeshikwa na nani?

Ukame wa miaka ya 1970

Mei 1972, mjini Iringa, TANU ilipitisha Siasa ni Kilimo, tamko lililohimiza mbolea, mbegu bora na kupanda kwa mistari. Kisha mbingu zikafunga. Msimu wa 1973/74 mvua zilikuwa haba, na uliofuata haukuwa na nafuu. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Serikali ilinunua mamia ya maelfu ya tani za nafaka nje ya nchi, na akiba ya fedha za kigeni ikakaribia kwisha.

Wakati wa ukame huo ndipo nchi ilipokuwa inahamishwa. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini kutakuwa lazima, na kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ilipamba moto katika mikoa mingi, na Mara haikuachwa. Zaidi ya watu milioni kumi waliwekwa katika vijiji vipya nchini kote.

Vijiji vilileta faida ambazo leo tunazichukulia kama za kawaida: shule ya msingi karibu, zahanati, kisima, barabara. Novemba 1974, hapa Musoma, kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU kilipitisha azimio lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, jambo ambalo lisingewezekana watu wakiwa wametawanyika.

Kwa upande wa chakula, gharama ilikuwa nzito. Watu walihamishwa kwa haraka, wengine kwa nguvu, na kuna mahali nyumba zilichomwa. Familia nyingi ziliacha shamba lililozoeleka, ambalo mwenyewe alijua kila kichuguu chake, zikapewa eneo jipya mbali na maji au lenye udongo mwingine. Muhogo uliokuwa ardhini ukabaki nyuma, na vihenge vikabomolewa. Wataalamu hadi leo wanabishana ni kiasi gani cha upungufu wa miaka ile kilisababishwa na ukame na ni kiasi gani kilisababishwa na uhamisho. Mkulima aliyehamishwa mwezi wa kupanda hana haja ya kubishana. Alijua shamba lake halikupandwa.

Serikali ilijibu kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974. Kila mtu mwenye nguvu alitakiwa kulima, na hata mijini viwanja vitupu viligeuzwa mashamba. Mazao yanayovumilia ukame kama mtama, uwele na muhogo yalihimizwa tena. Ndiyo yale yale aliyolima mtoto Kambarage nyumbani kwa mama yake.

Redio ilipofundisha akiba

Mwaka 1973 bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walikaa chini ya mti na redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakachimba choo.

Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyofuata njia ileile. Safari hii somo lilikuwa mlo: vyakula gani hujenga mwili, mtoto aliyeachishwa ziwa apewe nini, mboga zilimwe wapi, na mavuno yatunzwe vipi yasiliwe na panya na wadudu. Wanakikundi walitakiwa kutenda jambo baada ya kusikia. Kwa wengi wa vijijini hiyo ilikuwa mara ya kwanza redio kuzungumza nao kuhusu kihenge chao, na si kuhusu hotuba za mjini.

Mwalimu alikuwa na tabia ya mwalimu hata alipokuwa Rais. Aliamini mtu akielezwa sababu atafanya mwenyewe. Kampeni za redio zilikuwa upande huo wake. Operesheni ya kuhamisha watu ilikuwa upande mwingine, upande wa kiongozi mwenye haraka. Pande hizo mbili zilikuwa za mtu mmoja, na miaka ile ya 1970 zilifanya kazi kwa pamoja.

Ghala likaenda mbali

Kilichoumiza zaidi kwa muda mrefu kilikuwa soko. Nafaka ilinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei iliyopangwa na serikali. Lengo lilikuwa jema: mkulima wa mbali asipunjwe na mfanyabiashara, na mtu wa mjini apate unga kwa bei nafuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ikapewa vijiji na mashirika ya umma.

Matokeo yake, lori la kuchukua mazao lilichelewa, malipo yalichelewa zaidi, na bei haikulingana na jasho. Kusafirisha magunia bila kibali lilikuwa kosa. Wakulima wengi walipunguza mashamba au wakauza kwa magendo, hasa walio karibu na mipaka. Halafu ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake ukame mwingine.

Walioishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Wanakumbuka pia unga wa mahindi ya njano kutoka nje, ambao watu waliubatiza unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi za timu ile. Wakati huohuo, mkoani Tabora alionekana mdudu mpya wa ghalani, dumuzi, mwenye asili ya Marekani ya Kati. Inadhaniwa aliingia na mahindi kutoka nje. Aliharibu mahindi na muhogo mkavu kwa kasi isiyojulikana hapo kabla, na wakulima wakampa jina la lori kubwa la siku zile, Scania. Vihenge vya zamani vilivyotosha kwa mtama havikumweza.

Mwalimu hakuwa kiongozi wa kuficha kichwa. Alipokaribia kung'atuka alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na kufuta serikali za mitaa kulikuwa makosa, na kwamba angekuwa na nafasi tena asingeyafanya. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa mwaka 1982, yeye akiwa bado Rais. Mwaka 1984 masharti ya biashara ya nafaka yakaanza kulegezwa.

Jembe la Butiama

Novemba 1985 alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Angeweza kuishi popote duniani. Akarudi Butiama.

Hapo akalima. Majirani walimwona akienda shambani kama mzee mwingine yeyote wa kijiji, na jioni akicheza bao. Bado alisafiri: aliongoza CCM hadi 1990, akaongoza Tume ya Nchi za Kusini, na baadaye akasuluhisha mgogoro wa Burundi. Lakini kila safari ilipokwisha alirudi kwenye mvua za vuli na masika kama sisi. Rais aliyewahi kupanga bei ya mahindi ya nchi nzima sasa alikuwa mkulima anayesubiri wingu.

Mama yake, Mgaya, alifariki mwaka 1997. Mwalimu mwenyewe alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huo. Makumbusho ya Butiama yalikuwa yamefunguliwa Julai mwaka huo huo, na kwa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikijenga Butiama chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake.

Funzo kwa mkulima wa leo

Ukiyapitia maisha haya kwa jicho la mkulima, jambo moja linajirudia. Baba aliokoka miaka ya viwavi na sotoka kwa sababu watu walikuwa na akiba ya aina nyingi: nafaka kihengeni, muhogo au mizizi ardhini, samaki mkavu, mifugo, na jamaa wa mbali. Mwana alipokuwa kiongozi, zao moja lilipewa nafasi kubwa, ghala likasogezwa mbali na aliyelima, na ukame ulipokuja mkulima akabaki akisubiri lori. Mwalimu aliliona hilo na akalikubali kabla hajaondoka madarakani.

Leo hakuna anayemlazimisha mkulima wa Bunda au Butiama kuuza kwa shirika la serikali. Lakini wengi bado huuza karibu mavuno yote mwezi wa kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu ya ada za shule au deni la mbolea. Miezi michache baadaye hununua unga dukani kwa bei ya juu. Ghala limekwenda mbali tena, safari hii kwa hiari yetu.

Hesabu yake si ngumu. Familia inayokula kilo tatu za unga kwa siku huhitaji karibu kilo 1,100 kwa mwaka, yaani magunia 11 ya kilo mia moja. Hayo yatengwe kabla dalali hajafika. Nafaka ikaushwe hadi punje ivunjike kwa kishindo ukiiuma, maana unyevu huleta kuvu, na sumukuvu inaua. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa siku hizi huwaua dumuzi kwa kuwanyima pumzi, bila dawa, mradi isitobolewe. Na pembeni ya mahindi, ekari moja ya mtama au muhogo bado ni bima isiyodai ada.

Viwavijeshi wapya walifika Tanzania mwaka 2017 na wamekuwa wakishambulia mahindi yetu tangu hapo. Mtemi Burito angewatambua. Katika nchi ya Wazanaki, jina lao lilikuwepo kabla ya sisi wote.